Robo Mzunguko wa Skrubu

Wifi yangu anatengeneza baiskeli katika chumba kilichokuwa cha kinyozi. Kinyozi alipohama aliacha vioo viwili vikubwa vilivyogandishwa ukutani kwa saruji, na wifi hakuona sababu ya kuhangaika kuvibandua. Basi hufanya kazi amewapa watu mgongo, na mteja akiingia humwona kwanza kiooni, kabla hata hajamsalimia. Mimi na kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, tunashona nguo chumba cha pili. Kati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Siku Kocha alipoingia na baiskeli yake nilisikia spana ikianguka sakafuni, nikasimamisha cherehani. Wifi yangu si mtu wa kuangusha spana.

Ili ijulikane huyo Kocha alikuwa nani kwake, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Usichanani mwake wifi alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Walimwita Kipanga kwa vile alivyoshuka milima: kichwa chini, viwiko vimebanwa, kimya kabisa, halafu ghafla yuko mbele yako. Jina likamganda mpaka leo. Timu ya wasichana ilipochaguliwa kwenda mashindano makubwa, nafasi ya mwisho iligombewa na wawili: yeye, na mpwa wa Kocha, binti wa dada yake. Kila aliyewahi kusimama kando ya barabara wakati wa mazoezi alijua nani anamwacha nani. Wasichana wote wakapelekwa kupimwa na daktari wa timu. Siku iliyofuata Kocha alikwenda nyumbani kwa kina Kipanga, akakaa kwenye kochi, akapokea chai, akamwambia mama mtu kwa sauti ya upole kwamba daktari amesikia kelele kwenye moyo wa mtoto. Asilie, alimwambia. Watu wengi wanaishi na moyo wa namna hiyo mpaka wanazeeka, mradi wasijitese. Lakini habari za baiskeli ziishe.

Mama yule alikuwa mjane. Mumewe aliondoka asubuhi kwenda kazini akiwa mzima, akarudishwa mchana amelala. Wakasema ni moyo. Kwa hiyo Kocha hakuhitaji kumwonyesha cheti wala kumpeleka kwa daktari. Aliposema neno moyo, mama alikuwa ameshaamini. Jioni ile ile baiskeli ya Kipanga iliondolewa uani, na kwa miaka mingi hakuambiwa ilipelekwa wapi.

Mpwa akaenda mashindanoni. Kipanga akabaki, akafanywa yai. Asibebe ndoo, asipande ngazi akikimbia, asicheke mno, asigombane na mtu. Akilala aliweka kiganja kifuani na kusikiliza. Aliniambia kwamba ukisikiliza moyo wako kwa muda mrefu hivyo, utasikia kelele. Hakuna moyo usiokuwa nayo ukishaambiwa ipo. Aliwakatalia wachumba kwa sababu hakutaka kumwachia mtu maiti. Kaka yangu alipomposa akamweleza yote, na kaka, ambaye hana maneno mengi, alisema atauchukua moyo huo pamoja na kelele zake. Hivyo ndivyo alivyopata kuwa wifi yangu.

Alipopata mimba ndipo tulipoona hofu hasa. Alikwenda kliniki ameshaniusia nguo zake zigawiwe nani na nani. Daktari akamsikiliza mbele, akamsikiliza mgongoni, akauliza ni nani aliyemwambia ana ugonjwa. Akapimwa kwa mashine. Akapelekwa hospitali nyingine, akapimwa tena. Moyo mzima, tena wenye nguvu. Alipomaliza kujifungua salama, mtoto akiwa bado mchanga mgongoni, alimtafuta yule daktari wa timu wa zamani mpaka akampata amestaafu, anapogoa maua kwake. Mzee alimkumbuka. Alisema wasichana wote walikuwa wazima, alimwambia Kocha hivyo, na kama angemkuta yeyote na tatizo la moyo angemwita mzazi wake mwenyewe, asingemtuma mtu.

Kipanga alirudi nyumbani akamweleza mama yake. Mama akakataa. Madaktari wa siku hizi wana haraka, alisema. Kocha siku ile alikuja mwenyewe, akakaa pale, macho yake yalikuwa na machozi. Na mama akaendelea kumnyang'anya binti yake ndoo mkononi.

Na Kocha alikuwa ameshahama mji. Yule mpwa aliendesha msimu mmoja tu, akachoka, akaolewa, akaacha. Hilo ndilo lililomkata maini wifi kuliko yote. Alisema afadhali mtu akuibie kitu akakitumia.

Hakupiga kelele, hakumlaani mtu. Alijifunza ufundi, akapanga chumba cha kinyozi, akatengeneza baiskeli za watu. Nilidhani ameshasahau. Nilikuwa sijamjua.

Sasa Kocha alikuwa amerudi mjini, amenenepa, amestaafu. Daktari alimwambia aendeshe baiskeli kwa ajili ya afya, na watu wa mtaa wa juu, kwa kumkumbuka enzi zake, walimwomba awafundishe mabinti zao siku za mapumziko. Alinunua baiskeli nzuri iliyotumika. Aliingia akiisukuma, akamwona wifi kiooni, akafungua mikono.

"Kipanga, mwanangu. Moyo unaendeleaje?"

Alisema hivyo. Na alisema kwa upendo, kama mjomba. Wifi aliokota spana, akaifuta, akajibu kwamba moyo unaendelea vizuri, shikamoo Kocha, baiskeli ina nini?

Gia ya mbele, Kocha alisema. Kila akiibadilisha inapiga kelele mpaka watu wanageuka.

Wifi aliitundika kwenye stendi, akazungusha pedali kwa mkono mmoja amefumba macho. Ndiyo kawaida yake. Anasema macho yana haraka ya kulaumu. Mbele ya baiskeli ya aina ile kuna sahani mbili za meno, kubwa na ndogo, na juu yake kuna kibano cha chuma ambacho cheni hupita katikati yake. Ukibonyeza gia, waya hukivuta kibano, nacho huisukuma cheni kutoka sahani moja kwenda nyingine. Kibano kikikaa vibaya kidogo tu, cheni hukigusa, na kelele huanzia hapo. Cha Kocha kilikuwa kimekaa juu mno tena kimegeuka upande, kama kitu kilichogongwa kikarudishwa kwa kukadiria. Na waya ulikuwa umeshika kutu ndani ya mpira wake, ndiyo maana gia iligoma, kisha ikaruka kwa kishindo.

Alitoa waya na mpira, akaweka vipya. Akalegeza kibano, akakishusha mpaka ukingo wake ukabaki juu ya meno kwa unene wa sarafu, akakinyoosha kiende sambamba na sahani, akakaza. Zikabaki skrubu mbili ndogo zinazokizuia kibano kisiende mbali mno, moja ya upande wa ndani, moja ya nje. Akapeleka cheni kwenye sahani ndogo, akarekebisha ya ndani. Akaipeleka kwenye kubwa, akarekebisha ya nje. Akabadilisha gia kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kilichosikika kilikuwa tiki ndogo tu, kama mtu anayefunga kifungo cha pochi.

Kazi ilikuwa imekwisha. Aliinua uso, akamwona Kocha kiooni anajinyoosha kola, anajitazama ubavu huu na ubavu ule, mtu aliyeridhika na maisha yake.

Wifi akachukua tena bisibisi.

Alinieleza baadaye, hakunificha kitu. Ile skrubu ya nje ukiilegeza, kibano hutoka mbali mno, na siku moja, mguu ukisukuma kwa nguvu, cheni huruka nje ya sahani na mwendeshaji huenda chini. Mkono wake ulielekea kwanza huko. Alimwona kabisa Kocha yuko kwenye lami. Akaukataza mkono, wala si kwa huruma. "Angelazwa, watu wampelekee matunda," aliniambia. "Mimi nilitaka asikie kelele."

Akaikaza. Robo mzunguko.

Robo hiyo haionekani wala haisikiki baiskeli ikiwa imetundikwa, wala kwenye barabara tambarare. Lakini ukiwa mlimani, cheni iko kwenye sahani kubwa, umekandamiza pedali kwa uzito wako wote, vyuma hujipinda kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na cheni huanza kulamba kibano. Krr, krr, krr. Haimdhuru mtu. Haivunji kitu. Inasumbua tu, na inamsumbua aliye juu yake peke yake.

Kocha alirudi haraka, akilalamikia kelele za mlimani. Wifi alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akaizungusha pedali. Kimya. Akamwomba ajaribu hapo mtaani. Kimya. Kocha akajikuna kichwa, akaomba radhi, akaenda zake. Mara nyingine wifi aliirudisha skrubu mahali pake, Kocha akapata raha siku kadhaa, akapita dukani kushukuru. Wifi akasema ngoja nikuangalizie breki basi, maadam umefika. Na skrubu ikarudi ilikokuwa. Nilikuwa nikimsikia anaimba chinichini anapofanya hivyo. Hajui kuimba.

Kocha alipeleka baiskeli kwa fundi mwingine, upande wa sokoni. Yule naye akaitundika, akazungusha, akamwambia hamna kitu hapa mzee. Aliwaambia wasichana anaowafundisha wamfuate nyuma wasikilize; mmoja alisema labda anasikia kidogo, wengine wakabana vicheko. Akaenda kupimwa masikio. Masikio mazima. Watu wakaanza kumwona amesimama katikati ya mlima, ameinama, ameweka sikio kwenye chuma cha baiskeli kama daktari anayesikiliza kifua. Alipungua. Siku moja aliniambia mimi, pale mlangoni, kwamba sasa anaisikia hata akiwa mezani anakula, na mkewe ameanza kumtazama kwa jicho la kumhurumia.

Hapo nikaona yamezidi. Nilimfuata wifi, nikamwambia mzee wa watu atapata wazimu, kisasi gani hiki kisichoshiba. Alikuwa anasafisha cheni kwa mafuta ya taa. Hakuacha.

"Wifi, mimi nilipokuwa nasikiliza kifua changu usiku na mchana, nani alisema yamezidi?"

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona mkono wa shati kinyume.

Mwishowe Kocha alikuja asubuhi moja anaikokota baiskeli, hakuipanda. Hakukaa kwenye kiti. Alisema amekuja kumwachia, aiuze, ampe mtu, afanye apendavyo. "Baiskeli haina kosa," alisema. "Wewe umeangalia, mwenzako ameangalia. Nadhani tatizo ni mimi, mwanangu. Kuna kitu kimeharibika ndani yangu."

Nilisimama nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Uso wake kiooni ulikuwa mtulivu, kama wa mtu aliyefika kwake baada ya safari. Ndiyo maneno aliyokuwa akiyangoja. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kitandani miaka na miaka.

Alifunga mlango. Akaegemeza baiskeli ukutani, akamwambia Kocha apande, akapeleka cheni kwenye sahani kubwa, akabana breki ya nyuma kwa mkono wake ili gurudumu lisiende, akamwambia asimamie pedali kwa uzito wote. Kisha akachukua mkono wa Kocha, akamgusisha kidole kwenye kibano. Cheni ilikuwa imekilalia. Akachukua bisibisi, akairudisha skrubu, akamwambia kandamiza tena. Sasa kulikuwa na nafasi, nyembamba kama karatasi, lakini ipo.

"Hujaharibika kitu," alimwambia. "Ni mimi. Nilikaza robo mzunguko, siku ile ya kwanza uliponiuliza habari za moyo."

Kocha alibaki juu ya baiskeli, mguu mmoja hewani. Nilimwona anafanya hesabu usoni. Alipofika mwisho wa hesabu rangi ilimtoka. Hakukasirika, nadhani angetamani akasirike. Alishuka, akakaa. Akaanza kueleza. Dada yake ndiye aliyemlea. Dada yake alikuwa na binti mmoja tu na alimlilia, na yeye hakuweza kumnyima. Hakumtakia Kipanga baya lolote. Ilibidi aseme jambo ambalo mama hatalipinga, basi, na alidhani mambo yatapita.

"Nilijua utapona upesi," alisema.

"Nipone nini, Kocha?"

Wifi akarudia swali, kwa sauti ile ile. Nipone nini. Kocha akaziba uso kwa viganja, na ukimhesabu pamoja na wale wa kwenye vile vioo viwili, walikuwapo makocha watatu wenye viganja usoni. Wifi aliniambia aliwatazama wote watatu mmoja mmoja, na ilikuwa tamu, na hatanidanganya kwamba haikuwa tamu.

Kisha akamwambia anachotaka. Hakutaka radhi, radhi ampelekee atakayeihitaji. Alitaka aende kwa mama yake, leo hii, akakae palepale alipokaa, akaseme kwa mdomo ule ule kwamba alidanganya. Kocha akaomba apewe siku mbili tatu za kujiandaa. Wifi akafungua mlango, akasema wakati ule hakujiandaa, alikuja tu.

Tulikwenda watu watatu, nami nikiwa shahidi, maana wifi hakumwamini Kocha wala hakujiamini yeye mwenyewe. Mama yake anaishi vyumba viwili nyuma ya duka la vitabu vya shule, na wakati ule alikuwa anachambua mchele. Alimfurahia Kocha, akamkaribisha kochini, akataka kuweka maji ya chai. Kocha alisema asubiri kwanza. Akasema yote. Sauti ilimkatika mara nyingi, lakini nampa haki yake, hakupunguza kitu wala hakumtupia dada yake lawama.

Mama alisikiliza sinia la mchele likiwa mapajani. Alipomaliza kusikiliza alimshukuru Kocha kwa kuja, akamsindikiza mpaka mlangoni. Tulishangaa. Wifi aliuma midomo. Alitegemea kishindo, na hapa mtu anasindikizwa kama mgeni wa posa. Mama akaenda chumbani, akajitanda mtandio, akavaa viatu vya kutokea, akatupita akatoka.

Alikwenda mtaa wa juu. Aliingia nyumba baada ya nyumba ya wazazi waliowapeleka mabinti zao kwa Kocha. Hakutukana, hakulia. Kila mlango alijitambulisha kuwa mama wa nani, akaeleza alichoambiwa kochini zamani na alichoambiwa kochini leo, akaaga, akagonga unaofuata. Yule mama asiyethubutu kupandisha sauti kwa muuza mkaa. Siku ya mazoezi ilipofika Kocha alisimama uwanjani na filimbi yake shingoni, na hakutokea msichana hata mmoja. Hakuna aliyemfukuza. Alingoja, akarudi nyumbani. Haukupita muda akahamia tena kule alikotoka, na nasikia huko haendeshi, anatembea kwa miguu.

Watu hudhani wifi alishangilia. Alifurahi, ndiyo, na mpaka leo ukimuuliza kama anajuta atakutazama kama umemuuliza kama anajuta kula. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo hatukulitarajia. Hasira iliyokuwa imemwelekea Kocha miaka yote ilipokosa pa kukaa, iligeuka ikamtazama mama. Mama ndiye aliyeficha baiskeli. Mama ndiye aliyemkatalia daktari wa kliniki, na wa hospitali, na mzee wa maua, akamwamini mgeni mwenye kikombe cha chai. Wifi akaacha kwenda kwake. Kaka yangu alijaribu kusema, akaambiwa ashone.

Ikawa hivyo mpaka mama alipokuja mwenyewe. Nilimsikia anapiga hodi upande wa wifi, asubuhi, wateja hawajaja. Wifi aliitikia bila kugeuka. Mama akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini. Kisha mama akasema aliiuza kwa mtu wa mbali, baiskeli ile, ili wasije wakakutana nayo njiani. Alisema kila alipoona binti yake anapumua vizuri aliamini ni kwa sababu aliiuza. Hakuomba asamehewe, nadhani hakujua aanzie wapi.

Wifi aliendelea na kazi. Alikuwa na baiskeli ya mwalimu mmoja kwenye stendi, inakwaruza. Mama akauliza kile kichuma kinachochezacheza pale juu ni cha nini. Wifi akaendelea kuzungusha pedali. Mama akauliza tena.

"Kinasukuma cheni," wifi akasema. "Ukikiweka juu mno inapiga kelele."

"Na hicho kimewekwa juu mno?"

"Sogea uone."

Nilisikia kiti kikiburutwa. Nikakanyaga cherehani yangu kwa kasi, ingawa sikuwa na kitambaa chini ya sindano, ili yale mengine wayaseme wawili.